Shamba tumelipanga, na nyumba je?



Somo la toleo hili linahusu nyumba. Lakini hatutasema habari ya kujenga nyumba mpya. Tutasema habari ya nyumba ile ile unayolala ndani yake leo, na namna ya kuifanya itoshe. Soma pole pole, ukiwa na kalamu na daftari. Kama mko katika kikundi, someni pamoja, sehemu moja moja, na mwisho mjibu maswali.

1. TUANZE NA SHAMBA

Mwaka 1932 wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, ilikuwa na watu karibu 240,000. Milima ilikuwa wazi, mvua ikinyesha udongo unakwenda nayo mtoni. Kufikia mwaka 1989 watu walikuwa karibu 1,400,000. Ungefikiri nchi ingekwisha kabisa. Kumbe haikuwa hivyo. Watu walichimba matuta ya fanya juu, wakafanya kazi kwa mwethya, wakapanda miti, wakakinga maji. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya habari hii, wakaonyesha kwamba watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua.

Wazazi wetu walipanga nchi waliyokuwa nayo. 

Sasa tuje kwa nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,421,932 katika Kaunti ya Machakos peke yake. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana linagawanywa kwa wajukuu. Nyumba ikijaa, jambo la kwanza tunalofikiria ni kuongeza chumba, hata kabla ya kupima kile tulicho nacho. Mtu anauza ng'ombe au anachukua mkopo, anachimba msingi, pesa zinaisha kuta zikiwa zimefika kwenye linta, na ule msingi unaota nyasi miaka kumi. Umeona misingi kama hiyo, si ndiyo?

Hatusemi kwamba kujenga ni vibaya. Tunasema, panga kwanza. Huenda chumba unachotafuta kiko ndani ya nyumba tayari.

2. NYUMBA YA MFANO

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo kila mmoja wetu ameiona, iwe Kathiani, Mwala au Kangundo. Ni nyumba ya matofali, mabati juu, urefu futi 20 na upana futi 12. Ndani kuna sebule ya futi 12 kwa 12 na chumba cha kulala cha futi 8 kwa 12. Mbele kuna baraza ya upana wa futi 4, inayofunikwa na paa hilo hilo. Jiko liko nje, kibanda peke yake.

Wanaolala humo ni baba na mama na mtoto mchanga, msichana wa miaka 13, wavulana wawili wa miaka 10 na 7, na susu, mama yake baba, ambaye magoti yamemshinda na hawezi tena kukaa peke yake. Jumla watu saba.

Susu analala juu ya kochi sebuleni. Kochi ni fupi, kwa hiyo miguu ameikunja usiku kucha. Watoto wote watatu wanalala chini katikati ya viti. Susu akiamka usiku, inabidi awaruke. Msichana amekuwa mkubwa sasa, anavaa nguo chini ya blanketi kwa sababu hana mahali. Na chumbani kwa baba na mama, kando ya kitanda, kuna magunia manane ya mahindi.

Wazee wetu kwa kawaida hawalalamiki. Lakini siku moja husema neno kama hili: "Mwanangu, nirudishe kwangu. Hapa mimi ni mgeni asiyeondoka." Mtu akisikia hivyo kwa mama yake, hawezi kulala. Kwa hiyo tusione hili ni somo la urembo wa nyumba. Ni heshima ya watu wetu, na kama tutakavyoona, ni uhai wao pia.

3. PIMA KWANZA

Chukua daftari la hesabu lile la watoto lenye miraba. Mraba mmoja uwe futi moja. Pima kuta zako kwa tepu ya fundi. Kama huna, kata fimbo ya urefu wa futi moja kwa rula. Chora kuta, milango na madirisha.

Halafu pima vitu. Kitanda, kochi, meza, kabati, sanduku, magunia. Kata karatasi ndogo za vipimo hivyo hivyo, uziandike majina, uzipange juu ya mchoro kama vilivyo leo. Kusogeza karatasi ni bure. Kusogeza kitanda mara tano ni kuumiza mgongo na kugombana.

Katika nyumba yetu ya mfano tunapata hivi:

Chumba cha kulala ni 8 mara 12, yaani futi 96 za mraba. Kitanda cha 5 kwa 6 kinachukua 30. Magunia manane yamelazwa mawili mawili, mafungu manne ya futi 2 kwa 3, yanachukua 24. Sanduku linachukua 6. Jumla ni 60. Angalia lile la magunia: 24 katika 96 ni robo nzima ya chumba. Mahindi yana kitanda kikubwa kuliko cha susu.

Sebule ni futi 144. Kochi la watu watatu ni 7 kwa 3, yaani 21. Viti viwili vya mtu mmoja mmoja ni 9 na 9. Meza ni 8. Kabati la vyombo ni 6. Jumla ni 53, zaidi ya theluthi moja. Viti hivyo vinajaa watu siku ngapi kwa mwezi? Usijibu haraka. Kaa na mama wa nyumba mhesabu kweli.

Usisahau milango. Mlango wa futi 2 na nusu, ukifunguka ndani, unakula karibu futi 5 za mraba ambazo huwezi kuweka kitu. Wakati mwingine kuhamisha bawaba upande wa pili, ili mlango ulalie ukuta, ni kazi ya saa mbili na inakupa nafasi ya sanduku zima.

4. MAHINDI YATOKE CHUMBANI

Hapa tukae kidogo, kwa maana hili ni jambo la kufa na kupona.

Zamani mahindi na mtama vilikaa nje katika ghala, ikumbi, iliyoinuliwa juu ya vigingi, hewa ikipita chini na pembeni. Wezi walipozidi, watu wakaona heri walale na chakula chao. Tunawaelewa. Lakini mahindi yasiyokauka vizuri, yakirundikwa sakafuni ndani ya nyumba isiyo na hewa, huota kuvu. Kuvu wengine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, tunayoita sumu kuvu.

Mwaka 2004 Ukambani tulilia. Watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa, hasa Makueni na Kitui, na huku Machakos pia. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba waliougua walikuwa wameweka mahindi ndani ya nyumba, badala ya ghalani, mara nyingi zaidi kuliko jirani zao ambao hawakuugua. Tena sumu hii haiishi kwa kupika. Uchemshe, usonge ugali, bado iko.

Kwa hiyo kabla ya kusema mahindi yakae wapi, hakikisha yamekauka. Jaribu hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funika, tikisa kwa nguvu dakika moja, uache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Rudisha juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hapo bado ongeza siku za jua, maana mahindi ya kukaa muda mrefu yanatakiwa yafike asilimia 13 hivi. Kama kuna mtu karibu mwenye kipimo cha unyevu, mpelekee ayapime.

Sasa yakae wapi? Tazama ile baraza. Ina sakafu tayari na ina paa tayari. Kwenye nyumba yetu, sehemu ya baraza iliyo mbele ya sebule, urefu wa futi 8, tunaizungushia ukuta wa matofali. Tumepata stoo ya futi 8 kwa 4 bila kununua hata bati moja. Sehemu iliyobaki ya baraza inatosha watu kukaa jioni.

Mtu atauliza, "Na wezi je?" Ndiyo sababu stoo hii haina mlango wa nje. Tunaingia kwa ndani. Dirisha la mbele la sebule, ambalo sasa linatazama ndani ya stoo, tunaligeuza kuwa mlango: tunatoa matofali ya chini ya dirisha tu. Linta ya juu iko tayari, haiguswi. Hii ndiyo njia rahisi na salama kuliko zote ya kupata mlango mpya katika ukuta wa zamani. Mwizi akitaka mahindi, itabidi apite sebuleni.

Ndani ya stoo weka hivi:

(a) Acha matundu ya hewa chini na juu ya ukuta, uyazibe kwa wavu wa chuma mdogo ili panya wasiingie.
(b) Tengeneza jukwaa la mbao au fito, futi moja kutoka sakafuni. Gunia lisiguse sakafu.
(c) Panga magunia matatu matatu. Manane yatakuwa mafungu matatu, urefu futi 6 na upana futi 3. Katika stoo ya 8 kwa 4, unabaki na nusu futi kila upande ili yasiguse ukuta, na futi 2 za kusimama mlangoni.
(d) Ukiweza, tumia magunia yale ya kisasa yenye mifuko ya plastiki ndani isiyopitisha hewa. Dumuzi na fukusi hukosa pumzi humo. Lakini mahindi mabichi ukiyafunga humo, umejifungia kuvu.

Kumbuka, dirisha moja la sebule limekwenda. Kanuni ya kawaida ni kwamba madirisha ya chumba yafike angalau sehemu moja ya kumi ya sakafu. Sebule ya futi 144 inataka dirisha la futi 14 na nusu hivi. Lile la pembeni likiwa 3 kwa 4 ni futi 12 tu. Kwa hiyo tunaongeza bati moja la plastiki angavu kwenye paa, na kuta tunazipaka chokaa nyeupe, na dirisha la pembeni lisizibwe na kabati.

5. CHUMBA KIMOJA KIWE VIWILI

Magunia yametoka. Chumba cha kulala sasa kina nafasi. Tunakigawanya kwa urefu wake: upande wa mbele futi 8 kwa 7, upande wa nyuma futi 8 kwa 5.

Cha mbele ni cha baba na mama. Kitanda cha 5 kwa 6 kinaingia, kitanda kidogo cha mtoto kinaingia, sanduku linakwenda chini ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali mawili kila mguu. Mlango wa zamani na dirisha la zamani vinabaki hapo.

Cha nyuma ni cha susu na msichana. Kinawekwa kitanda cha ghorofa cha 3 kwa 6, kile ambacho watoto wa bweni huita dabodeka. Susu chini, msichana juu. Kitanda cha juu kiwe na ubao wa kuzuia asianguke, na kutoka godoro mpaka kwenye paa kuwe na futi 3 angalau, aweze kuketi. Kitanda cha chini kisiwe chini mno, kwa maana mwenye magoti mabaya hushindwa kuinuka. Kipime na susu mwenyewe: akiketi, nyayo zikae sakafuni sawa sawa.

Ukuta wa kugawanya usiwe wa matofali. Sakafu ya chumba haina msingi wa kubeba ukuta mzito katikati. Tumia fremu ya mbao za 2 kwa 2 na plaiwudi au mbao nyembamba pande zote mbili. Ufike juu usawa wa kuta, uache nafasi ndogo ya hewa. Kati ya mbao ukipigilia rafu nyembamba kwa upande wa susu, amepata mahali pa dawa, miwani na taa bila kupoteza sakafu.

Chumba cha nyuma kinataka mlango wake kutoka sebuleni. Kisipitiwe kupitia kwa baba na mama. Hilo kila Mkamba anaelewa bila kuambiwa. Mlango huo ufunguke kuelekea sebuleni, kwa kuwa ukifunguka ndani utagonga kitanda. Pia kinataka dirisha dogo upande wa nyuma, la 2 kwa 2. Chumba cha futi 40, dirisha la futi 4, sehemu moja ya kumi. Hesabu imekubali.

6. UKUTA USIOGUSWA

Hapa nitasema habari yangu mwenyewe, ili mtu asirudie. Kabla ya mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997, nilitaka sebule kubwa. Nikachukua nyundo, nikavunja ukuta wa kati Jumamosi moja. Nilijisifu mpaka jioni. Mvua ilipokuja na mabati yakalemewa na upepo, kenchi ikashuka, msumari ukatoka, na maji yakatuingilia kitandani. Kumbe ule ukuta ndio uliokuwa umebeba kenchi. Niliujenga tena kwa gharama ya mara mbili. Mke wangu hakusema neno. Afadhali angesema.

Basi, kabla ya kugusa ukuta wowote:

Kwanza, panda juu na tochi. Tazama mbao za paa zimelala juu ya kuta zipi. Ukuta uliobeba mbao usivunjwe. Kutoboa mlango ndani yake kunawezekana, lakini kwa utaratibu na fundi.

Pili, tazama nyufa. Ufa mpana unaopanda kama ngazi kutoka chini unasema msingi unasogea. Wenzetu wa tambarare za Athi River na Mavoko wenye udongo mweusi wanajua: udongo ule huvimba kwa mvua na kunywea kwa kiangazi. Ukuta wa namna hiyo usiongezewe shimo mpaka fundi mzoefu auone.

Tatu, mlango au dirisha jipya likae angalau futi 2 kutoka kwenye pembe ya nyumba.

Nne, linta huingia kabla ya tofali kutoka. Mafundi wengine wavivu huvunja shimo kwanza. Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, hii ni kazi ndogo. Nikitoboa, ukuta utajishikilia wenyewe."

"Fundi, na usipojishikilia?"

"Mama, mimi nimefanya hii kazi miaka mingi."

Mama, usinyamaze hapo. Mwambie fundi aweke nguzo za kutegemeza mbao za paa kwanza. Halafu achonge mfereji juu ya mahali pa mlango, nusu ya unene wa ukuta tu, aingize linta ya upande mmoja, azibe vizuri na simiti. Ikikauka, afanye upande wa pili. Kila linta ilalie ukuta inchi 6 kwa kila upande, isipungue. Baada ya hapo ndipo matofali ya chini yatolewe, kutoka juu kwenda chini. Kazi hii ni ya siku kadhaa. Fundi anayetaka kuimaliza leo, mwache aende zake.

7. VITI VITANO, VITANDA VIWILI

Wavulana wamebaki sebuleni. Si vibaya, bali wasilale sakafuni. Lile kochi la watu watatu linauzwa. Mahali pake fundi seremala anatengeneza benchi la 3 kwa 6, lenye godoro na foronya ya kitambaa kigumu. Mchana linakalisha watu watatu. Chini yake kuna kitanda cha pili kifupi chenye magurudumu, kinachovutwa usiku kama droo na kusukumwa ndani asubuhi. Viti viwili vya zamani vinabaki.

Hesabu tena: viti vilikuwa vitano, bado ni vitano. Mgeni hajapoteza kiti chake. Lakini watoto wawili wamepata vitanda. Wengine huona haya kuuza kochi, wanasema watu watatuonaje. Mgeni anayekupenda atafurahi kuona watoto wako wameondoka sakafuni.

Tazama pia juu. Kuta zetu zina nafasi tupu kutoka kichwani mpaka kwenye mbao za paa. Rafu moja ya upana wa futi moja, ikizunguka kuta mbili za sebule juu ya milango, inabeba sanduku la nguo za msimu, vitabu, na sufuria kubwa za sherehe. Vitu vizito viwe chini, vyepesi juu.

Na ile mitungi na madebe ya maji yaliyojaa chini ya meza? Paa la futi 20 kwa 12, bila kuhesabu la baraza, ni kama mita 22 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 inaleta kama lita 220 juu ya paa hilo. Ondoa kidogo kwa kumwagika. Mfereji wa bati na tangi la nje hukomboa sakafu ya ndani, na huzuia maji kula chini ya kuta zako. Tangi likae juu ya jukwaa thabiti na lifunikwe.

8. JIKO SI CHUMBA CHA KULALA

Nyumba ikijaa, wengi hulaza watoto wakubwa au susu jikoni, ati kuna joto. Moshi ule si rafiki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya ndani ya nyumba viliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 230,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Jiko lako la nje liboreshe bila kulijenga upya: acha nafasi wazi kati ya ukuta na paa pande mbili zinazotazamana, ili moshi utoke, jenga kizimba cha udongo kuzunguka moto badala ya mafiga matupu, kuni zitapungua, inua moto ufike kiunoni ili mama asiiname na mtoto asianguke ndani. Kuni zikaushwe kwenye rafu nje, chini ya paa.

Na neno la miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhika: usiingize jiko la makaa yanayowaka chumbani mkalala nalo. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Kadiri chumba kilivyo kidogo na kimezibwa vizuri, ndivyo inavyoua haraka. Sasa tumegawa vyumba vikawa vidogo, kwa hiyo onyo hili ni kwetu hasa.

9. MPANGO WA KAZI

Usifanye yote mara moja. Fuata hatua:

Hatua ya kwanza haina gharama: pima, chora, toa vitu visivyotumika, hamisha samani. Kaa hivyo wiki mbili uone kama inafaa.

Hatua ya pili ni ndogo: rafu, bawaba za milango, kuinua kitanda, chokaa.

Hatua ya tatu ni stoo ya baraza. Imalizike kabla ya mavuno, si baada.

Hatua ya nne ni mlango mpya, dirisha na kugawa chumba. Kazi ya kuta ifanywe kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kabla ya mvua za Oktoba.

Hatua ya tano ni benchi na vitanda.

Andika kila kitu cha kununua, ulizia bei maduka matatu, na ongeza moja ya kumi kwa yale usiyoyaona. Hatua ikiisha na pesa zimekwisha, simama. Nyumba inakalika katika kila hatua. Haiachi msingi wa kuota nyasi. Kazi ya matofali na kusomba mchanga mnaweza kufanya kwa mwethya, leo kwangu, kesho kwako.

Na mwisho, wakati wa kuchora, aliye mkubwa na aliye mdogo wote wawepo. Mwite susu, mwonyeshe karatasi yake ya kitanda, umuulize, "Mama, tuiweke wapi?" Akiiweka mwenyewe kwa mkono wake, hatasema tena kwamba yeye ni mgeni.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika nyumba yako, ni kitu gani kinachochukua nafasi kubwa na kutumiwa mara chache?
2. Mahindi yako yamelala wapi usiku huu? Je, uliyapima kwa chumvi?
3. Ni nani nyumbani kwako asiye na mahali pake pa kulala au pa kubadili nguo?
4. Ukuta wa kati wa nyumba yako umebeba nini? Umejuaje?
5. Ni kazi gani kikundi kinaweza kufanya kwa mwethya katika nyumba ya mwenzetu mmoja kabla ya mvua?

KAZI YA NYUMBANI: Kila mmoja achore nyumba yake katika daftari la miraba na kuleta mchoro katika mkutano ujao. Tutabadilishana michoro. Mara nyingi jirani ndiye huona nafasi ambayo mwenye nyumba ameizoea.